Kukopesheka: Jina la Biashara Ndogo Mbele ya Asiyekujua

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa Mombasa



Nimeombwa nizungumzie namna mwenye biashara ndogo anavyoweza kujijengea sifa ya kukopesheka. Nitasema neno langu kubwa mapema ili mlipime tunapoendelea. Wengi wenu mnaaminika tayari. Mnachukua mali kauli, mnauza, mnarudisha fedha za watu. Lakini uaminifu huo unajulikana na wachache waliowazoea, na mkitoka nje ya mtaa wenu hauwafuati. Kujenga sifa ya mkopo ni kuufanya uaminifu ulio nao usomeke na mtu asiyekujua kwa sura, kwa ukoo wala kwa mtaa. Kazi hiyo inachukua miaka, na huanza siku ambazo huhitaji mkopo wowote.

Tumchukue mfanyabiashara wa mfano, mama anayeuza leso Likoni. Kila mwezi huvuka kwa feri hadi Mtaa wa Biashara, huchukua doti 50 kwa muuzaji wa jumla, na huondoka bila kutoa hata shilingi moja. Kila Ijumaa hurudi na fedha za alizouza. Muuzaji hufungua daftari, hutafuta ukurasa ulioandikwa "Mama Leso, Likoni", hupiga mstari juu ya deni la zamani na kuandika jipya chini yake. Ukurasa ukijaa hugeuzwa, na daftari likijaa hutupwa. Miaka minane imepita hivyo, na hakuna deni hata moja la mama huyu lililobaki bila kupigwa mstari.

Sasa ni mwezi wa Shaabani. Anataka shilingi 300,000 ili aweke mzigo wa Idd kabla bei hazijapanda. Anakwenda benki. Afisa wa mikopo anamkaribisha vizuri, kisha anaanza kuuliza. Biashara imesajiliwa kwa jina gani? Namba ya PIN ni ipi? Taarifa ya akaunti ya miezi sita iliyopita iko wapi? Umewahi kukopa wapi, na ulimaliza kulipa lini? Mama anatoa simu. Katika M-Pesa yake fedha za leso zimechanganyika na karo, mchango wa harusi, zamu ya chama na dawa za mzee nyumbani. Afisa anatazama, anatazama tena, na hawezi kujua biashara inaingiza kiasi gani. Ombi linakataliwa. Uaminifu wa miaka minane uliandikwa kwa kalamu katika daftari la mtu mwingine, na kila mama alipolipa, ushahidi wake ulipigwa mstari.

Lishikeni jambo hilo. Daftari la dukani hukumbuka deni, halikumbuki malipo. Aliyelipa vizuri hana ukurasa. Mwenye ukurasa ni yule aliyekwama. Tutaliona kosa hilo hilo likirudi katika sheria zenyewe.

Uaminifu unaosafiri

Kukopa katika biashara hatukufundishwa na benki. Katika karne ya 19, misafara iliyoondoka pwani kwenda bara ilibeba nguo, shanga na waya za mkopo. Matajiri wa Zanzibar, kama nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan, walitoa bidhaa, wakangoja hadi kiongozi wa msafara arudi na pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alifanya safari zake kwa mali ya kukopeshwa namna hiyo. Historia ile ina doa zito, kwani misafara hiyo ilihusika pia na biashara ya watumwa, na hatuna haki ya kuipamba. Lakini inatuonyesha kwamba pwani hii ilijua kumpa mtu mali nyingi kwa ahadi yake. Sharti lilikuwa moja: mkopeshaji amjue anayekopa, au amjue mtu anayemjua.

Sharti hilo lina mwisho wake. New York, nchini Marekani, wenye maduka wa miji ya mbali walikuwa wakija kununua nguo kwa mkopo, na wauzaji hawakuwajua. Mmoja wa wauzaji hao alikuwa Lewis Tappan, aliyefanya biashara ya hariri pamoja na ndugu yake Arthur, na ambaye alisimama kidete kupinga utumwa nchini mwake. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1837 uliiangusha biashara yao, kwa kuwa wateja waliokopeshwa hawakuweza kulipa. Mwaka 1841 Lewis Tappan akafungua shirika lenye kazi moja tu: kukusanya habari za wafanyabiashara kupitia waandishi wake wa mikoani, wengi wao mawakili, kuziandika katika vitabu vikubwa, na kumsomea muuzaji aliyetaka kujua kama mteja fulani hulipa. Baadaye shirika hilo likawa la R. G. Dun, na mwaka 1933 likaungana na mshindani wake Bradstreet. Dun & Bradstreet ya leo ndiyo hiyo, na imefika hadi kwa jirani zetu Tanzania, ambako ni mojawapo ya kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu ya nchi hiyo kutunza taarifa za mikopo.

Tangu mwanzo mfumo huo ulikuwa na hatari yake. Waandishi wa Tappan waliandika walichosikia mitaani, na aliyeandikwa hakuonyeshwa kilichoandikwa. Haukupita muda, wafanyabiashara wa Ohio wakamshtaki, wakidai kwamba habari za uongo ziliwaharibia biashara. Kwa hiyo yapo mambo mawili tangu siku za kwanza: faida ya kujulikana na usiokutana nao, na haki ya kuona na kusahihisha wanachokisoma. Mfanyabiashara anayezingatia moja na kuacha la pili amejiweka pabaya.

CRB inajua nini juu yako

Hapa Kenya kanuni za kwanza za ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo sote tunaziita CRB, zilitolewa mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2009. Leo kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwanzoni benki zilipeleka huko habari mbaya tu, yaani mikopo iliyoshindikana. Ni lile lile daftari la dukani. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisema "nimewekwa CRB" anamaanisha amechafuliwa jina. Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha jambo hilo, zikataka habari nzuri nazo zipelekwe: mkopo uliochukuliwa, ukalipwa kwa wakati, ukaisha.

Kwa hiyo kila mwenye mkopo benki yumo CRB, awe amelipa au hajalipa. Kuwemo si aibu. Tatizo liko kwa asiyekuwemo kabisa, kwa kuwa afisa akitafuta jina lake anakuta ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu haumsaidii kuamua.

Taarifa yenyewe ni rahisi kuisoma. Juu kuna jina lako, namba ya kitambulisho na anwani. Chini yake ni orodha ya akaunti zako za mikopo, za zamani na za sasa: nani alikukopesha, kiasi gani, tarehe gani, umebakiza ngapi, na kama kuna malipo yaliyochelewa, yamechelewa siku ngapi. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umeshindikana. Kisha kuna orodha ya waliochungulia taarifa yako, na mwisho alama. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900. Aliye karibu na 900 anaonekana salama, na aliye chini ya 400 anaonekana ameshindwa kulipa.

Katika taarifa hiyo afisa hutazama zaidi zile siku za kuchelewa. Dawa ya deni ni kulipa, twasema. Mkopeshaji asiyekujua anataka kujua pia ulilipa lini. Aliyelipa shilingi zote baada ya kupigiwa simu mwezi mzima, na aliyelipa kidogo kidogo kila tarehe 5 bila kukumbushwa, kwake si sawa, hata kama wote wamemaliza.

Jina, namba na akaunti

Sasa tufanye kazi. Jambo la kwanza ni kuitenga biashara na mfuko wa mwenyewe. Nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Sajili jina la biashara kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Chukua PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na kibali cha kaunti. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye cheti, kibali, risiti na akaunti ni lile lile, herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Baraka Stores kwenye cheti, Baraka Store kwenye kibali na Baraka Enterprises kwenye muhuri amejigawa vipande vitatu, na mkopeshaji hana wajibu wa kuviunga.

Lakini fahamuni kwamba usajili wa jina la biashara haukutengi na biashara kisheria. Deni la duka ni deni lako, na taarifa ya duka CRB ni taarifa ya kitambulisho chako. Anayetaka biashara iwe na nafsi yake kisheria inambidi asajili kampuni, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inamruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni yake mwenyewe. Hata hapo, benki huenda ikamtaka mkurugenzi adhamini kwa jina lake mpaka kampuni ijenge historia. Kampuni ina gharama na hesabu zake za kuwasilisha kila mwaka. Mwenye kibanda hana haraka nayo. Mwenye wafanyakazi na mikataba ya kusambaza bidhaa anafaa kuifikiria.

Kisha fungua akaunti ya biashara na namba ya till ya kupokea malipo ya simu, halafu zitumie. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Till imebandikwa mlangoni, lakini mteja anaambiwa, "Tuma tu kwa namba yangu." Kila malipo yanayopita pembeni ni ushahidi unaojinyima. Mauzo ya jioni yapite kwenye till, ya fedha taslimu yapelekwe benki hata kama ni 2,000. Wewe mwenyewe jilipe kiasi maalumu kila wiki, ukihamishe kwenda kwenye simu yako, na karo na harusi zitoke huko. Ukifanya hivyo mwaka mzima, taarifa ya akaunti itasema yale ambayo mama wa Likoni hakuweza kuyasema: biashara inaingiza kiasi gani Januari shule zinapofunguliwa, kiasi gani Ramadhani, na kiasi gani mwezi mgumu wa Mei mvua zinapofunga barabara.

Kuna wanaoogopa kwamba maandishi yatamwita mtoza kodi. Nawaelewa. Lakini hesabu isiyoonekana na KRA haionekani na benki pia, na huwezi kumwambia mmoja unauza 50,000 na mwingine 500,000 ukatarajia kuaminiwa na wote wawili. Tena wanunuzi wakubwa, shule na hoteli, wanadai ankara za eTIMS, yaani za kielektroniki za KRA, kabla hawajalipa. Asiyekuwa nazo anabaki kuwauzia wapita njia peke yao.

Mkopeshaji wako wa kwanza

Watu huona benki ndiyo mlango wa kwanza wa mkopo. Kwa biashara ndogo, mlango wa kwanza ni muuzaji wa jumla. Anayekupa magunia matano ya mchele ulipe baada ya wiki mbili amekukopesha, hata kama hakuna aliyetaja neno mkopo. Mkopo huo mara nyingi hauna riba, na mzigo ndio unaojilipa. Mali kauli ni hazina yetu. Inachohitaji ni maandishi.

Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Hakuna dharau kwa rafiki katika kuandika. Kila unapochukua mzigo, mwombe muuzaji ankara yenye tarehe, bidhaa, bei na siku ya kulipa. Kila unapolipa, lipa kutoka kwenye akaunti au till ya biashara, upate stakabadhi, uziambatanishe mbili hizo na kuziweka kwenye jalada. Baada ya mwaka, mwombe barua inayosema unanunua kwake tangu lini, anakuachia mzigo wa kiasi gani kwa kawaida, na unalipa kwa wakati au la. Ukiwa na barua za namna hiyo kutoka kwa wauzaji watatu, pamoja na taarifa ya benki inayozithibitisha, umemletea afisa wa mikopo jambo la kushika mkononi.

Marekani jambo hili limekwenda mbali zaidi. Dun & Bradstreet hupokea habari za malipo kutoka kwa wauzaji wenyewe, na kutoka humo hutoa alama ya biashara iitwayo Paydex, kuanzia 1 hadi 100. Anayelipa ankara zake siku ile ile waliyokubaliana hupata 80, na anayelipa mapema hupanda juu yake. Biashara changa inaweza kuwa na jina zuri kabla haijakopa benki hata senti moja, kwa kulipa wauzaji tu. Natamani vyama vya wauzaji wa jumla wa Mombasa, wa Kongowea na wa Mtaa wa Biashara, vikae na Benki Kuu na hizi CRB kutafuta njia ya kuyafikisha huko malipo mazuri ya wateja wao. Wangenufaika wenyewe, maana wangejua pia nani wa kumnyima.

Mikopo ya simu na bei yake

Niseme sasa kuhusu mikopo ya simu, ambayo wengi wetu tumeipitia. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilileta jambo jema: mtu asiye na hati ya nyumba alikopa na kujenga historia kwa kulipa. Lakini tuijue bei. Ada yake ya mwanzo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 10,000, unarudisha 10,750. Inaonekana ndogo. Ukiirudia kila mwezi mwaka mzima, umelipa 9,000 kwa kutumia 10,000. Biashara ya rejareja yenye faida ndogo haiwezi kubeba mzigo huo, na mwenye nayo huishia kukopa huku ili alipe kule.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa siku 14. Kwa 10,000 hiyo ni takriban shilingi 31. Siku 14 ni chache, wala 500 haifungui duka. Lakini kiwango huongezeka unapolipa, na mtu anayeanza kutoka ukurasa mtupu anaweza kuitumia kama ngazi ya kwanza.

Ushauri wangu juu ya mikopo yote ya simu ni mmoja. Itumie kwa mzigo unaojulikana utauzwa kabla ya tarehe ya kulipa, usiitumie kwa kodi ya nyumba wala kwa kulipa mkopo mwingine. Kopa pungufu ya kiwango ulichopewa, maana kiwango ni uamuzi wa mkopeshaji juu ya hatari yake, wala hakipimi uwezo wako. Na usiombe kwa wakopeshaji sita katika wiki moja. Kila ombi huacha alama, na atakayesoma ataona mtu anayetapatapa.

Chagua mkopeshaji mwenye leseni. Kumbukeni miaka ile programu za simu zilipomwagika sokoni, zikisoma namba zote zilizo kwenye simu yako na kumwandikia shemeji, bosi na imamu kwamba unadaiwa. Mwaka 2020 Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wa kidijitali wasiodhibitiwa katika mfumo wa CRB, na kanuni za Machi 2022 zikawataka wawe na leseni na kuwakataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya simu. Mkopo uliolipwa kwa mtu asiye na leseni haukujengei jina popote.

Dhamana zaidi ya hati ya shamba

Wengi wanaamini benki haikopeshi bila hati ya ardhi, na pwani hii tunajua uchungu wa ardhi isiyo na hati. Tangu mwaka 2017 kuna sheria ya dhamana ya mali inayohamishika. Cherehani, jokofu la samaki, pikipiki, mzigo ulio ghalani, mifugo, hata fedha unazodai kwa ankara, vyote vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana katika rejista ya serikali. Ukienda kwa mkopeshaji na orodha ya mali zako yenye risiti za ununuzi, mazungumzo yanaanzia mahali pengine. Ndiyo sababu nyingine ya kutunza risiti.

Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, nayo ni mlango mzuri: akiba yako ndiyo msingi, mara nyingi unakopa hadi mara tatu yake, na wenzako wanakudhamini. Kumbuka upande wa pili. Unapoweka sahihi kumdhamini mwenzako, deni lake ni lako mpaka amalize kulipa. Undugu ni mzuri, lakini uliza kwanza anakopea nini na amebakiza wapi.

Kwa wanaojiepusha na riba, benki za Kiislamu zipo nchini tangu mwaka 2008, na benki nyingine zina madirisha ya huduma hizo. Kwa njia ya murabaha, benki hununua mzigo unaouhitaji kisha kukuuzia kwa bei na faida mliyokubaliana, ukilipa kwa awamu. Kwa mfanyabiashara njia hii inahitaji kitu kile kile, yaani ankara ya muuzaji, jina moja lisilobadilika na historia ya kulipa tarehe iliyoandikwa.

Taarifa yako ni haki yako

Kila mmoja wetu ana haki kisheria ya kupata taarifa yake ya mikopo bila malipo angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila CRB. Ichukueni. Isomeni mstari kwa mstari. Mtakuta mkopo uliolipwa lakini bado unaonyesha salio, jina lililokosewa, au deni la mtu mwenye namba inayokaribiana na yako. Ukiona kosa, andika malalamiko kwa CRB yenyewe, ambatanisha stakabadhi na barua ya kumaliza mkopo. CRB inawajibika kuchunguza pamoja na aliyeileta habari hiyo, na ikithibitika ni kosa, iondoe. Pia, kabla mkopeshaji hajapeleka CRB habari mbaya juu yako, sheria inamtaka akupe notisi ya siku 30. Siku hizo si za kujificha. Ni za kwenda kwake, kusema ukweli wa biashara, na kuomba mpango mpya wa malipo kwa maandishi.

Kwa aliyekwisha kuharibikiwa, sitampamba kwa maneno. Habari za mkopo ulioshindikana hubaki miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulipa. Tangu ulipomaliza, nasema. Anayengoja deni lisahaulike hajaianza hata siku ya kwanza ya hiyo miaka mitano. Lipa, hata kwa vipande. Chukua barua ya kumaliza, na hakikisha taarifa inasomeka kwamba umelipa. Kisha anza upya kwa kiasi kidogo na muuzaji wa jumla, kwenye Sacco, kwenye mkopo mdogo. Afisa mwenye akili huona tofauti kati ya aliyeanguka akakaa chini na aliyeanguka, akalipa, na miaka miwili hii hajachelewa hata siku moja.

Mzigo huu haupaswi kubebwa na mwenye duka peke yake. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu biashara ndogo inawatambua wenye mauzo madogo kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, na humo ndimo walimo wengi wenu. Wakati serikali ilipoweka kikomo cha riba, kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, nia ilikuwa kuwasaidia watu kama hao. Benki nyingi zilijibu kwa kuwakwepa, zikaona afadhali kukopesha serikali kuliko kumkopesha mtu ambaye hazijui hatari yake. Wateja kujulikana kwa maandishi ndiko kungezipa benki hizo sababu ya kubaki nao. Basi benki nazo ziwaandikie wateja wanaokataliwa sababu kwa lugha wanayoielewa, ili mtu ajue akarekebishe nini, na wauzaji wa jumla wasione uzito kumwandikia mteja mwaminifu barua.

Ndugu zangu, nawaomba mambo matatu kabla mwezi huu haujaisha. Chukueni taarifa zenu za CRB mkazisome. Hamisheni mauzo yote yaingie kwenye till au akaunti yenye jina la biashara. Na mzigo mtakaochukua safari ijayo, chukueni ankara yenye siku ya kulipa, mlipe siku hiyo, mtunze stakabadhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaji. Mkiyashika kwa miaka miwili, mtaweza kuchagua mkopeshaji, kubishana naye juu ya bei, na kumkataa anayewatoza kupita kiasi. Nataka mfanyabiashara wa Mombasa akae mezani na benki akiwa na uwezo wa kusema hapana, na naamini yuko karibu nao kuliko anavyodhani.